Mali Bila Daftari: Sarafu za Wakelti Katika Udongo wa Jersey

Julius Caesar alipoandika habari za vita vyake vya Galia, aliwataja Wakoriosoliti kwa maneno machache tu, kama mtu ahesabuye mbuzi waliomo zizini. Walikuwa kabila mojawapo la Wakelti, na makazi yao yalikuwa pwani ya kaskazini ya Bretagne, katika Ufaransa ya leo. Jina lao lingali limejificha ndani ya jina la mji mdogo wa Corseul. Mwaka 56 kabla ya Miladi, yaani kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, waliungana na majirani zao kuupinga utawala wa Warumi, wakashindwa na jemadari Quintus Titurius Sabinus aliyetumwa kuwakabili, kisha kalamu ya mshindi ikaendelea na safari yake. Wao wenyewe hawakutuachia kitabu, wala waraka, wala shairi lililoandikwa. Ushahidi mkubwa waliotuachia ni sarafu zao, na fungu lililo kubwa kuliko yote la sarafu hizo halikupatikana kwao. Lilipatikana kisiwani, ng'ambo ya maji, katika udongo wa Jersey.

Sisi watu wa visiwani hatuna haja ya kuelezwa sana namna kisiwa kidogo kinavyoweza kuwekewa amana na bara kubwa. Jersey ina eneo la kilomita za mraba 118 hivi, yaani Unguja ingeweza kuimeza zaidi ya mara kumi. Iko karibu zaidi na Ufaransa kuliko Uingereza, ijapokuwa kwa karne nyingi imekuwa chini ya Taji la Uingereza, nayo ina baraza lake na sheria zake. Maji yake hujaa na kupwa kwa tofauti inayoweza kufika mita 12, na yanapopwa upande wa mashariki huacha miamba na mchanga uliochomoza mbali sana na ufuko. Mtu wa kale aliyetaka kufika huko na shehena nzito ilimpasa aijue bahari ile vizuri, la sivyo ingemmeza yeye na shehena yake.

Kwamba kisiwa hicho kilificha fedha za Wakelti lilikuwa jambo linalojulikana tangu zamani. Mwaka 1935 zilipatikana sarafu zaidi ya 11,000 mahali paitwapo La Marquanderie, na mwaka 1957 hazina nyingine ikafukuliwa Le Câtillon, katika mtaa wa Grouville. Walakini habari inayotuhusu hapa ilianza kwa uvumi tu, uvumi wa kijijini wa aina ile ambayo wataalamu aghalabu huusikiliza kwa sikio moja. Mwanamke mmoja alisimulia kwamba zamani, katika shamba fulani la huko Grouville, mti uling'olewa na chini yake vikaonekana vitu vya fedha mithili ya vifungo vya nguo. Wanaume wawili wa kisiwani, wapenzi wa kusaka vitu vya kale kwa chombo cha kutambulia metali, wakayashika maneno hayo, wakaanza kutafuta. Mwenye shamba aliwaruhusu waingie baada ya mavuno tu, kabla ya mbegu kurudishwa ardhini. Wakatafuta hivyo kwa saa chache kila mwaka, mwaka baada ya mwaka, kwa muda wa miaka 30.

Chombo chenyewe hakina uchawi wowote. Ni fimbo yenye duara la waya mwishoni. Umeme hupita katika waya huo ukibadilika-badilika, na kwa kubadilika kwake hufanya uga wa sumaku unaopenya ardhini. Uga huo ukikuta metali, huzusha ndani yake mikondo midogo ya umeme, nayo mikondo hiyo hutoa uga wake yenyewe, dhaifu, unaorudi juu na kunaswa na chombo. Chombo nacho hupiga mlio katika sikio la msakaji. Hicho ndicho kitu pekee kinachojulikana wakati huo: kwamba chini kuna metali. Kama ni pete ya mfalme au kifuniko cha chupa ya bia, chombo kinaweza kukisia tu. Kadhalika hakiwezi kusema ni nani aliyeiweka, wala lini, wala kwa nini. Mlio ni mwito tu. Unasema "hapa pana jambo", na yanayofuata baada ya hapo yamo katika mikono ya mwanadamu.

Mapema mwaka 2012 wanaume wale wawili walianza kupata sarafu moja moja, hata zikafika makumi kadhaa. Katikati ya mwaka huohuo chombo kikapiga mlio mwingine, mkubwa, kutoka chini sana. Wakachimba kiasi cha mita moja, na sepetu ikagusa kitu kigumu. Udongo ulipoinuliwa, sarafu chache zikatoka nao. Hapo ndipo lilipotendeka tendo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika kisa hiki. Watu waliokwisha kungoja miaka 30, ambao sasa hazina waliyoiota iko chini ya miguu yao na hakuna jicho jingine linalowaona, waliweka chini sepetu zao, wakaacha kuchimba, wakawaita wataalamu wa Jersey Heritage, taasisi inayotunza turathi za kisiwa kile.

Ili tuone uzito wa tendo hilo, hatuna budi kuelewa kilichokuwamo shimoni. Hakikuwa chungu chenye sarafu ndani yake. Lilikuwa donge moja, lenye urefu wa mita 1.4 na upana wa sentimita 80, la sarafu zilizogandamana kwa kutu ya kijani. Sarafu za Wakoriosoliti hazikuwa za fedha safi. Zilikuwa za fedha iliyochanganywa na shaba, na kadiri vita na shida zilivyozidi katika nchi zile ndivyo metali ya thamani ilivyopungua katika sarafu na shaba ikazidi. Shaba hiyo, kwa kukaa katika unyevu miaka elfu mbili, ilitoa kutu ikazishika sarafu zote kama saruji ishikavyo kokoto. Donge zima pamoja na udongo wake lilikuwa na uzito wa robo tatu ya tani hivi. Liliinuliwa kwa winchi, likiwa zima, likapelekwa penye makumbusho.

Huko kazi ya miaka ilianza. Wahifadhi wakiongozwa na Neil Mahrer, wakisaidiwa na wananchi waliojitolea, walikaa mbele ya donge lile katika chumba chenye ukuta wa kioo, katika makumbusho ya La Hougue Bie, ili kila apitaye aone. Kabla ya sarafu kubanduliwa, mahali pake katika donge palipimwa kwa mkono wa mashine wenye mwanga wa leza: iko urefu gani, upana gani, kina gani, na imelala kwa upande upi. Ndipo ilipotolewa, ikapewa namba na kuwekwa katika mfuko wake. Kazi ya kubandua ilikwisha Januari 2017, baada ya karibu miaka mitatu. Mwanzoni ilikadiriwa kwamba sarafu zingekuwa kati ya 30,000 na 50,000. Zilipohesabiwa zilikuwa 69,347. Hakuna hazina nyingine ya sarafu za Wakelti inayojulikana duniani iliyofikia idadi hiyo. Pamoja nazo vilitoka vito vya dhahabu, yakiwemo makoa mazito ya kuvaliwa shingoni, shanga za vioo, na mabaki ya ngozi na mimea ambayo metali iliyoyazunguka iliyahifadhi yasioze.

Sasa na tuitazame sarafu yenyewe. Upande mmoja ina kichwa cha mtu, nywele zake zimejikunja mizingo kwa mizingo hata zinakaribia kuufunika uso. Upande wa pili yuko farasi, na farasi huyo ana kichwa cha binadamu. Chini ya tumbo lake aghalabu huwekwa nguruwe-mwitu au kinubi. Mtu aionaye mara ya kwanza hudhani kwamba ni ndoto ya fundi. Lakini wataalamu wamekwisha kuifuata nasaba yake hatua kwa hatua hadi kwa mfalme Filipo wa Pili wa Makedonia, baba yake Iskandari, katika karne ya nne kabla ya Miladi. Sarafu ya dhahabu ya Filipo ilikuwa na kichwa cha mungu Apollo upande mmoja, na gari la kukokotwa na farasi wawili upande mwingine. Wakelti waliokwenda kupigana vita kwa ujira katika nchi za Wayunani walilipwa kwa sarafu kama hizo, wakarudi nazo makwao, na mafundi wao wakaanza kuziiga. Fundi akamwiga fundi, kizazi hata kizazi. Farasi wawili wakawa mmoja. Gari likavunjika likabaki gurudumu, kisha gurudumu nalo likatoweka. Dereva akapanda juu ya mgongo, akapungua, na kichwa cha mtu kikajikuta juu ya shingo ya farasi.

Kwa mtu ambaye kazi yake ni kufasiri, habari hii ina utamu wake wa pekee. Wapo waliosema zamani kwamba sarafu za Wakelti ni nakala mbovu za kazi nzuri ya Wayunani, kana kwamba fundi wa Bretagne alishindwa kuchora gari. Mimi naona hakushindwa. Aliyapokea maneno ya wageni akayasema kwa lugha yake mwenyewe, na lugha yake haikuwa na haja ya gari. Ilikuwa na haja ya farasi, na ya kichwa chenye nywele kama mawimbi. Tafsiri iliyokaa vizuri katika lugha mpya haimkumbushi msomaji kila mstari kwamba ilitoka kwingine.

Lakini kuna kitu ambacho sarafu ile haikuchukua kutoka kwa Filipo, nacho ni maandishi. Sarafu ya Filipo ina jina lake. Sarafu ya Mkoriosoliti haina herufi hata moja. Hapa tofauti na sarafu za pwani yetu ni kubwa mno. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa zina maandishi ya Kiarabu pande zote mbili, tena maandishi yenye vina: upande mmoja jina la sultani, upande mwingine maneno ya kumtegemea Mungu, na mwisho wa upande huu hulingana kwa sauti na mwisho wa upande ule. Ni shairi la mishororo miwili linalotosha katika kiganja, na ili ulisome lote huna budi kuigeuza sarafu. Vilevile katika hazina iliyopatikana Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, mwaka 1984, yenye sarafu za fedha zaidi ya 2,000, zilikuwamo dinari za dhahabu za Wafatimi wa Misri, na dinari ni kitu kinachojitambulisha chenyewe kwa kusomwa. Sarafu ya namna hiyo hata ikiokotwa ufukoni na mtoto, ikahama mikono mara kumi, bado inaweza kutamka jina la aliyeipiga chapa.

Sarafu iliyo bubu haina uwezo huo. Itoe katika udongo wake, iweke juu ya meza ya mnada, na itakuambia mambo mawili au matatu tu: mimi ni ya kabila fulani, nina uzito huu, nina fedha kiasi hiki. Yaliyosalia yote yamo katika mahali ilipokuwa: iko jirani na nini, chini ya nini, katika kina gani, ndani ya mfuko au nje ya mfuko. Kwa watu wasioandika, udongo ndio ukurasa. Atakayeingiza jembe na kuzoa sarafu zake kwa haraka atafanya kama mtu aliyekuta kitabu kimoja tu kilichobaki cha lugha iliyokufa, akakata herufi zake moja moja kwa mkasi, akazitia guniani, akaenda kuziuza kwa kilo. Herufi zote zipo gunini. Kitabu hakipo tena.

Ndiyo sababu ya vipimo vyote vile vya leza. Sarafu za Jersey zilipobanduliwa kwa utaratibu ilionekana kwamba hazikuwa zimechanganyikana ovyo. Vito vingi vilikuwa vimelundikwa pamoja upande mmoja wa donge, na mengine mengi ya namna hiyo yamehifadhiwa katika kumbukumbu ili wajao wayachunguze. Sarafu zenyewe nazo zinaweza kulinganishwa kwa mihuri iliyozipiga. Kila sarafu ilipigwa baina ya mihuri miwili, mmoja chini na mmoja juu. Muhuri ukichakaa au kuvunjika, mwingine ulichongwa mahali pake. Anayejua kusoma michubuko hiyo anaweza kusema sarafu ipi ilitangulia na ipi ilifuata, na kwa sarafu 69,347 kazi hiyo inatosha maisha ya wataalamu kadhaa.

Kisha kuna swali lililo kubwa kuliko yote: kwa nini iliwekwa pale? Fikra ya kwanza kuja akilini ilikuwa ya wakimbizi. Mwaka ule wa 56 Warumi waliyavunja makabila ya pwani ile bila huruma. Majirani wa Wakoriosoliti, Waveneti, waliokuwa mabaharia hodari, walishindwa baharini pale Warumi walipozikata kamba za tanga zao kwa miundu iliyofungwa kwenye miti mirefu. Wazee wao wakauawa, na waliobaki wakauzwa utumwani. Ni rahisi kuwaona watu wakipakia mali ya kabila zima katika mashua usiku, wakaivusha mpaka kisiwani, wakaifukia wakitumai kurudi. Lakini wako wanaouliza: mbona mali hiyo imepangwa kwa utulivu hivyo, na mbona hazina nyingine ilikuwa hapo hapo karibu? Yumkini hazikufichwa adui, bali zilitolewa kwa miungu, au palikuwa ni mahali pa kutunzia mali na kuiyeyusha. Na tarehe yenyewe inajadiliwa, wengine wakiisogeza hata miaka ya 30 kabla ya Miladi, wakati Caesar alikuwa amekwisha kufa. Mjadala huu unawezekana kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ukurasa ulifika mezani ukiwa mzima.

Msomaji anaweza kudhani kwamba natia chumvi, na kwamba fedha iliyofukiwa ni fedha iliyofukiwa tu, iwe kwa hofu au kwa ibada. Basi na tuvuke twende Uingereza, katika jimbo la Leicestershire, penye kijiji cha Hallaton. Mwaka 2000 mwanachama mmoja wa kikundi cha wanakijiji waliopenda historia ya kwao alipata sarafu za Wakelti kilimani kwa chombo cha namna hiyohiyo. Naye hakuzoa akaenda zake. Alitoa taarifa, na wanaakiolojia wakaja. Zilitoka sarafu zaidi ya 5,000, nyingi zikiwa za kabila la Wakorieltavi, za wakati Warumi walipokuwa wakiingia Uingereza katika karne ya kwanza ya Miladi. Lakini pamoja na sarafu yalitoka mambo ambayo hayanunuliki mnadani: handaki lililozunguka mahali hapo, penye njia ya kuingilia, mifupa mingi mno ya nguruwe, mabaki ya karamu kubwa, na kofia ya chuma ya mpanda farasi wa Kirumi iliyopambwa kwa fedha na dhahabu. Hapakuwa na nyumba wala paa. Palikuwa ni mahali pa kuabudia, kilimani, chini ya mbingu. Sarafu zilizoonekana kama akiba ya tajiri mwoga zikawa ni sadaka za watu wengi, na kwa sababu ya mifupa tu! Aliyeiona mifupa ile akiwa na haraka ya fedha angeitupa pembeni.

Tena mara nyingine jambo linalookolewa ni jina la mtu. Mwaka 2023, katika shamba moja la Hampshire, kusini mwa Uingereza, ilipatikana sarafu ndogo ya dhahabu, ya ukubwa wa ukucha, ya kati ya miaka ya 50 na 30 kabla ya Miladi. Hiyo, kinyume cha zile za Jersey, ilikuwa na herufi, na herufi hizo zilisomeka Esunertos, jina la Kikelti lenye maana ya mwenye nguvu kama mungu Esos. Hakuna mwandishi yeyote wa Kirumi aliyemtaja mtu huyo. Alitawala, akapiga sarafu, akafa, na kwa miaka elfu mbili ilikuwa kana kwamba hakuzaliwa. Sarafu iliuzwa mnadani mwaka huohuo kwa pauni 20,400. Lakini kwa sababu palipopatikana panajulikana, wanahistoria wanaweza sasa kuliweka jina hilo katika ramani, wakasema: huyu alikuwa huku.

Hebu sasa tutazame upande wa pili. Huko Manching, kusini mwa Ujerumani, kulikuwa na mji mkubwa wa Wakelti, na mwaka 1999 wanaakiolojia walifukua humo sarafu 483 za dhahabu za mnamo mwaka 100 kabla ya Miladi, zenye umbo la visahani vilivyobonyea. Wakulima wa Kijerumani tangu zamani wanazijua sarafu za aina hiyo na huziita visahani vya upinde wa mvua, maana baada ya mvua kubwa udongo wa shamba hushuka na dhahabu ikang'aa, wakasema upinde wa mvua umegusa ardhi hapo. Hazina ile iliwekwa katika makumbusho ya mji. Usiku wa tarehe 22 Novemba 2022 wezi walizikata nyaya za mawasiliano ili kengele ya hatari isimfikie mtu, wakavunja mlango, wakavunja kabati, wakatoka na sarafu zote 483 kabla ya dakika kumi kutimia. Walipokamatwa mwaka 2023, polisi walikuta vipande 18 vya dhahabu vilivyoyeyushwa. Vilipopimwa ikajulikana kwamba sarafu zipatazo 70 zimekwisha kwa moto. Mwaka 2025 mahakama ya Ingolstadt ilitoa hukumu zake za vifungo, na zile sarafu nyingine zilikuwa hazijulikani zilipo.

Natamani msomaji ayaweke mambo haya mawili katika mizani moja. Katika Jersey, donge la metali lilipokewa kwa mikono ya subira likarudishwa kuwa sarafu moja moja, kila moja na mahali pake, namba yake na habari yake. Katika Manching, sarafu zilizokuwa na mahali pake, namba zake na habari zake zilirudishwa kuwa donge. Dhahabu yenyewe haikupungua. Uzito ni uleule, na sonara angeipokea bila kuuliza. Kilichotoweka motoni hakina uzito, wala hakuna mizani iwezayo kukipima, na hicho ndicho kilichoifanya hazina ile iwe hazina.

Nafahamu kwamba si haki kumtaka mtu maskini au mwenye tamaa aache mali aliyoiokota kwa ajili ya kumbukumbu za wafu. Ndiyo maana Waingereza walitunga sheria mwaka 1996: apataye sarafu mbili au zaidi za fedha au dhahabu zilizopita umri wa miaka 300 sharti atoe taarifa ndani ya siku 14, na makumbusho ikizitaka, aliyezipata na mwenye ardhi hupewa thamani yake. Tangu mwaka 1997 upo pia mpango wa kuandikisha vitu vingine vinavyookotwa na wananchi, na vilivyoandikishwa vimepita milioni moja. Kwa njia hiyo serikali ilimgeuza msakaji akawa mshirika badala ya kumfanya adui. Haikuwamaliza wezi wa usiku wanaoingia mashamba ya watu na taa zao. Lakini ilimpa mtu mwaminifu sababu ya kubaki mwaminifu.

Hata hivyo uaminifu una gharama yake. Sheria ile ya mwaka 1996 si sheria ya Jersey, na mazungumzo ya nani mwenye hazina na kwa thamani gani yalikwenda polepole. Ni mwaka 2021 ndipo serikali ya kisiwa ilipoinunua kwa pauni milioni 4.25, ikazichukua fedha hizo katika mfuko wa mali zilizotaifishwa kutoka kwa wahalifu, na hazina ikabaki kisiwani. Miaka tisa ilikuwa imepita tangu sepetu kuwekwa chini. Wale wanaume wawili wangeweza kuuza sarafu zao moja moja, kimya kimya, kwa watu wasiouliza. Wapo wengi wa namna hiyo, na soko lao halilali. Wangepata fedha mapema zaidi, na dunia isingejua kwamba imepoteza kitu.

Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Tumezoea kuitumia methali hii dukani, kwa maana ya mwenye mali kujua kilichoingia na kilichotoka. Wakoriosoliti hawakuwa na daftari. Walikuwa na udongo tu, wakaukabidhi mali yao, nao ukaitunza pamoja na hesabu yake yote kwa miaka elfu mbili, ukingoja mtu wa kuisoma. Mkono wa kwanza kuigusa ulikuwa na uwezo wa kuifuta hesabu hiyo kwa dakika chache. Kwa kuwa haukufanya hivyo, kabila ambalo Caesar alilipa maneno machache sasa lina kumbukumbu 69,347 zenye namba, na kila moja imeandikwa ilipokuwa imelala.